Mhogo Usioibwa

Harufu ile ilinikamata mlangoni kwangu hapa Malukhu, mjini Mbale, asubuhi, nikiwa nimebeba ndoo ya maji. Ilikuwa harufu ya kitu kilichoanza kuoza kikaghairi: uchachu kidogo, ukungu kidogo, na kwa chini yake utamu wa unga. Nilitua ndoo. Wapangaji wenzangu walikuwa wamemzunguka mke kijana wa askari polisi, mgeni aliyehamia chumba cha mwisho, wakimwambia atupe uchafu wake kabla mwenye nyumba hajafika. Binti wa watu alikuwa amesimama mbele ya gunia lake, Kiswahili chenyewe cha kuokoteza, machozi yakimlengalenga. Nilipenya katikati yao nikafunua ncha ya gunia. Mle ndani mihogo iliyomenywa ilikuwa imeota manyoya meusi. Nikasema, wala sikusema kwa upole, "Hakuna mtu kutupa kitu hapa. Anayesikia harufu azibe pua."

Ningeweza kuwaambia kwamba mimi si mtu wa kugombana na majirani, lakini ningekuwa naongopa. Mimi ni mgomvi wa kurithi. Mama yangu aligombana na safu nzima ya wapangaji kwa sababu ya gunia kama lile, na hakushindwa. Tulimzika kwao Teso mvua hizi zilipoanza, udongo ukiwa laini kiasi kwamba wachimbaji hawakutoka jasho. Tangu siku hiyo watu wamenipa pole kwa maneno, nami nimezipokea kwa maneno, macho makavu. Mbele ya gunia la yule binti nililia. Wapangaji waliponiuliza, niliwaambia ni ukungu umeniingia machoni.

Kwanza tuelewane kuhusu vyakula vya ardhini, maana kuna watu hudhani ni kimoja, ukishiba umeshiba. Kiazi kitamu ni mtu wa watu. Hakijui kuficha siri, kikinenepa kinapasua tuta chenyewe kukuonyesha kilipo. Mayuni, wengine huyaita magimbi, yanapenda tope na hayataki haraka, yasipoiva sawasawa yatakuwasha koo mpaka jioni. Balugu, kile kiazi kikubwa cha Wasoga, kinataka mti wa kuparamia na muda mrefu wa kuheshimiwa, na siku ukikichimba unakata chini ya kichwa, kichwa unakirudisha shimoni kiendelee na maisha. Viazi ulaya vinavyoshuka kutoka mlimani kuja hapa Mbale navyo vina maringo yao, ukiviacha juani vinageuka kijani kwa hasira. Mhogo mtamu hauna maringo wala masharti. Unauchemsha, unauchoma, hata mbichi unautafuna ukiwa njiani. Kosa lake ni moja tu, kwamba kila mtu anaujua. Mhogo mtamu hauna mwenyewe.

Hilo tulilijua kwa njaa. Mimi na mdogo wangu Ogwal tulizaliwa kambini Jinja, baba akiwa askari magereza. Baba alikuwa mtu wa Lango, mama mtu wa Teso, wakakutana kwenye Kiswahili kile cha kambi ambacho hakina adabu za sarufi lakini kinafika kinakokwenda. Kambini hatukujua shamba. Tulikula posho, yaani ugali mweupe wa mahindi, na maharage, kesho yake maharage na posho. Kisha baba akahamishiwa kituo cha mbali sana, huko ambako hata simu ilishika kwa kubahatisha, na nyumba yetu ya kambi ikapewa askari mwingine. Mama akapanga muzigo, chumba kimoja katika safu ya vyumba, huko Mpumudde, Jinja hiyohiyo, karibu na shule yangu. Baba alituma alichoweza, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka.

Chumba cha pili alikaa mwanamke Msoga tuliyemwita Nalongo kwa kuwa alizaa mapacha. Alikuwa na shamba la ukoo bondeni, kando ya kinamasi, naye akamwazima mama kipande. Jembe pia mama aliazima, lenye mpini uliopasuka na kufungwa mpira, wala hakulalamika. Mchagua jembe si mkulima. Akapanda mhogo mtamu. Ukastawi mpaka ardhi ikaanza kupata nyufa kwenye mashina, na sisi jioni tukawa tunaula kwa mdomo kabla haujaiva: Ogwal anataka wa kukaanga, mimi nataka wa kuchoma. Siku tuliyoteremka na kikapu kuvuna, tulikuta mashimo. Kila shina lilikuwa limeng'olewa, miti na majani vimetupwa kando. Ogwal alisema ni panya.

"Panya hapana vaa viatu," mama akamjibu, akionyesha nyayo kwenye udongo.

Habari za njaa zina miguu mirefu. Haukupita muda, kaka yake baba akatokea. Alikuwa polisi mstaafu aliyeishi Namakwekwe hapa Mbale, akiuza vipuri vya pikipiki, na sote tulimwita Afande, hata mama, hata mkewe mwenyewe. Nataka ieleweke mapema kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye kiti chetu pekee, akatazama sufuria iliyofunikwa kifudifudi saa za chakula, akavua kofia.

"Mama Atim," alisema, Atim ndiye mimi, "ndugu yangu iko mbali. Watoto nalala njaa, na watu ya ukoo nauliza mimi. Mimi najibu nini? Sasa nafanya hivi. Atim naenda na mimi Namakwekwe, nasoma kule, nasaidia bibi yangu na watoto. Wewe na Ogwal narudi kijijini."

Nilikuwa nyuma ya pazia lililotenga kitanda, nimeshika kitambaa chake kwa vidole vyote. Niliogopa. Namakwekwe yenyewe sikuijua, siwezi kusema niliiogopa. Niliogopa kulala mahali ambapo simsikii mama akipumua.

"Afande," mama alisema, "watoto hapana vijiti ya muhogo. Huwezi kata-kata, moja unapanda huku, moja unapanda kule."

"Wewe utalisha nini?"

"Nipe mvua mbili. Mvua ya pili ikiisha, kuja. Ukikuta mimi sina chakula yangu mwenyewe, ya kutoka kwa jembe yangu, chukua Atim. Sitalia."

Afande aliinuka. "Mvua mbili," akasema, akavaa kofia yake.

Mama alituacha kwa Nalongo akaenda kwao Teso, na aliporudi alishuka kwenye boda boda akiwa amekumbatia fungu la vijiti vya mhogo vilivyofungwa ndani ya gunia lenye unyevu. Kwa macho yangu vilikuwa vijiti kama vijiti vingine. Akavikata, akavipanda kwenye shamba lilelile la kuibiwa. Nilimwona mjinga, Mungu anisamehe, nikawaza moyoni kwamba mama anawapandia wezi chakula kwa mara ya pili.

Lakini majani yalipochipua alifanya jambo ambalo sijawahi kuona mkulima mwingine akilifanya. Alipita mlango kwa mlango. Alianzia safu yetu, akaenda bombani kwenye foleni ya mitungi, akaenda kwenye steji ya boda boda, akaenda mpaka kwa yule kijana aliyekaanga chapati njia panda. Mimi nilimfuata nyuma, nimemshika nguo, na kila mahali alisema maneno yaleyale, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kanisani.

"Sikieni wote. Ile muhogo yangu kule chini, hiyo iko kali. Ukila mbichi, ama ukichemsha tu kama ya Nalongo, inaua. Mtu asiseme hakuambiwa. Na kama mtu iko na njaa, apige hodi kwangu, nitampikia."

Nalongo alijishika kichwa. "Woowe! Mama Atim! Shamba yangu nakupa, wewe napanda sumu?"

"Napanda sumu sababu sumu hapana ibiwa," mama akasema.

Tangazo lile lilikuwa refu. Mimi nililoshika ni neno moja tu, kwamba inaua. Mama hakunifafanulia zaidi. Wazazi wa siku zile, mnawakumbuka, walikupa onyo, maana yake ukajiokotee mwenyewe njiani. Nami niliokota. Tulipokwenda kupalilia nilitembea katikati ya matuta mikono nimeikunja kifuani, na jani likinigusa nilijipangusa kwa sketi. Usiku niliwaza kwamba mama yangu, anayetuombea kabla ya kula, amepanda kifo mistari kwa mistari na anakipalilia.

Mvua ya kwanza ikapita. Kwenye kiangazi cha katikati tuliishi kwa nguo za watu ambazo mama alifua, na kwa majani ya kunde aliyoyapanda kando ya mihogo. Kuna siku tulikula majani hayo bila kitu kingine, mama akisema tumbo linataka kudanganywa kidogo kama mtoto. Mvua ya pili ikaanza. Asubuhi moja tukakuta mhogo mmoja umechimbwa, umemenywa nusu, na umetupwa palepale. Kwenye ncha yake kulikuwa na alama za meno. Mama aliuokota, akaugeuzageuza, akacheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kambini. Nami nilikuwa nikitazama kinamasi, natafuta pale mafunjo yalipolala, maana nilijua huyo mtu hakufika mbali.

Kesho yake kijana wa chapati hakufungua. Wala keshokutwa. Niliwaza yote nikayamaliza: ndiye yeye, amekufa, na mama anajua, ndiyo maana alicheka. Nilipokwenda shule nilipita upande wa pili wa njia ili nisione meza yake tupu.

Hapo ndipo niliposikia lililonimaliza kabisa. Mama na Nalongo walikuwa wanafua uani, wanakamua shuka, huyu ameshika ncha hii na yule ncha ile.

"Na yule Afande wako, akikuja?" Nalongo aliuliza.

"Akuje tu," mama akasema, akisokota shuka. "Mimi nangoja yeye na muhogo yangu. Akishakula, hatasema neno tena."

Nalongo akacheka. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikakaa juu ya tofali. Fikirini mtoto wa shule ya msingi anabeba jambo kama hilo. Nikimwambia Afande, mama atafungwa, na baba mwenyewe ndiye mlinzi wa waliofungwa. Nikinyamaza, Afande atakula. Na Afande alikuwa amewahi kuniletea viatu. Nilitafuta njia yenye haki kwa wote nikaipata moja: nilimwomba Mungu basi la Mbale liharibike, liharibike vizuri, na kila likitengenezwa liharibike tena.

Mvua ikaisha. Mama akavuna. Mihogo ilikuwa minene kama mapaja ya Ogwal, ngozi nyeusi, nyama nyeupe isiyo na doa. Aliimenya uani, akaianika juani ikanyauka, kisha akairundika kwenye kona ya chumba chetu, akaifunika kwa majani ya migomba na gunia. Aliniambia nisiguse. Hakuhitaji kuniambia. Baada ya siku chache harufu ikatoka mle ndani, ikapita chini ya mlango, ikaingia kwa watu. Ndipo vita vilipoanza. Huyu alisema watoto wake wanakohoa, yule alisema wageni wake wamekimbia. Hata Nalongo, rafiki yake, alikuja na leso puani.

"Mama Atim, hii halufu itaua watoto ya watu. Tupa, bambi, nakuomba. Hiyo imeoza."

"Harufu hapana ua mtu," mama akasema kutoka ndani. "Njaa ndiyo inaua. Mimi hapana tupa."

"Basi peleka nje."

"Nje nitalala nayo? Hapana tupa, hapana toka. Ngoja tu."

Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, na kwa jinsi alivyoujaza mlango ule hakuna aliyejaribu kupita. Alipofunua gunia nikaona kile ambacho bado nakiota: mihogo imevaa manyoya, meusi na ya kijivu, kama panya waliolala. Aliikwangua kwa kisu mmoja baada ya mwingine, akaivunjavunja, akaianika tena juu ya mkeka mpaka ikawa mikavu na kulia kama vigae. Akaitwanga, akaichekecha. Unga ukatoka mweupe kuliko posho, mweupe kuliko chaki. Hilo ndilo lililonitisha kupita manyoya. Manyoya yalikuwa wazi. Sasa kifo kilikuwa kimeoga na kuvaa nguo za Jumapili.

Mungu hakuliharibu basi. Afande alishuka kwenye boda boda Jumamosi mchana, ana koti lake na kofia yake, mkononi mkate na sukari. Aliniambia nimekua. Nilimwamkia kwa kupiga magoti, naye akanishika mkono akaniinua. Mkono wake ulikuwa na joto, nikafikiria kwamba jioni utakuwa wa baridi. Begi langu lilikuwa juu ya kitanda, tupu. Mama hakuwa ameweka hata soksi.

Alisonga ugali ule kwa kuchanganya unga wa ulezi, ukawa na rangi ya udongo wa kichuguu, unavutika, unang'aa. Mchuzi ulikuwa wa majani ya kunde yaliyoungwa karanga. Akamnawisha Afande mikono, akaweka sahani mbele yake, na nyingine yetu sisi watatu mkekani. Afande akasali. Alikuwa mtu wa sala ndefu, alimwombea ndugu yake kituoni, akaombea barabara, akaombea Namakwekwe yote, nami nilimshukuru kwa kila neno. Kisha akasema amina, akamega tonge.

"Afande usikule!" Nilijisikia nikipiga kelele. "Hiyo inaua! Mama alisema mwenyewe, hiyo inaua!"

Tonge la Afande lilibaki hewani kati ya sahani na mdomo. Ogwal akaanza kulia bila kujua kwa nini. Afande alishusha mkono polepole, akamtazama mama, nami nikaona ule uso wa polisi ukirudi usoni kwake.

Mama hakunikaripia. Hakueleza pia, na leo naelewa: angeanza kujitetea, angeonekana mwenye kosa. Alisogea kwa magoti mpaka kwenye sahani ya Afande, akamega tonge pale pale alipokuwa amemega yeye, akachovya mchuzini, akala. Alitafuna bila haraka, amemkazia Afande macho. Akameza.

Mwenye kupika huonja mbele ya mgeni mwenye shaka. Desturi hiyo sikuijua. Nilichokiona mimi ni mama yangu ameamua kufa kuliko kunitoa. Sikuwaza sana. Watu huniuliza niliwaza nini, na jibu ni kwamba nilimwaza Ogwal peke yake. Nilisukuma sahani yetu mbali naye, nikamwambia, "Wewe usikule. Wewe utaenda na Afande, utakaa Namakwekwe, usimsumbue." Kisha nikamega tonge kubwa, nikalala mapajani mwa mama, nikala.

Lilikuwa tamu. Hilo halikuwa kwenye mpango. Lilikuwa na uchachu kwa mbali, na karanga, na kitu kama moshi, na nilikuwa na njaa. Nilifumba macho nikangoja. Niliposikia bado nasikia, nikanyoosha mkono nikamega lingine.

Juu ya kichwa changu nikamsikia Afande anauliza, sauti imekuwa ndogo. "Atim. Wewe ulisema hii inaua?"

"Ndiyo, Afande."

"Na sasa wewe nakula kwa nini?"

Nilifungua macho. Nililiona swali lile kuwa la ajabu. "Mama amekula," nikasema.

Afande alivua kofia. Alinawa tena mikono ingawa ilikuwa safi, akamega tonge, akalinusa. Kisha akala, akatafuna kwa muda mrefu akitazama ukuta. "Hii," alisema hatimaye, "mama yetu alikuwa napika hii. Wakati ya vita, ng'ombe imeisha yote, mtama imechomwa. Hii wezi walishindwa kubeba, sababu hawajui kupika." Alikula sahani ile akaimaliza, akaomba nyingine. Mama akampakulia. Gunia la unga lilikuwa palepale kwenye kona, limejaa hadi shingoni, nje juu ya mkeka kuna mihogo mingine imeanikwa, na bondeni nusu ya shamba haijaguswa. Hakuna aliyehitaji kumwonyesha. Hata hivyo aliposimama kuondoka hakuzungumza juu ya gunia.

"Mama Atim, mimi nilikuja chukua mtoto," alisema mlangoni. "Sasa mtoto nakula sumu sababu mama yake amekula. Huyo mimi nabeba namna gani?" Akatikisa kichwa. "Kaa na watoto yako. Ukoo mimi ndiyo nitajibu. Lakini nifungie unga kidogo."

Mama alimfungia unga mwingi, zaidi ya alivyoomba. Tulimsindikiza hadi steji, na huko nani nimwone kwenye meza yake, anasukuma chapati, kanenepa? Kijana wetu alikuwa amekwenda Iganga kwa arusi ya dada yake, akanogewa akakaa huko mvua nzima. Nilimsalimia kwa furaha kubwa mno akashangaa, akanipa kipande bure.

Tuliporudi mama alianza kuosha vyombo uani. Mimi nilikuwa nasuuza. Hakuniangalia alipouliza.

"Atim, wewe kweli ulijua inaua?"

"Ndiyo."

"Kweli kabisa?"

"Kabisa."

"Na ulikula."

"Wewe ulikula," nikasema tena, maana nilidhani wakubwa leo hawasikii.

Alisugua sufuria ile, akaisugua ilipokwisha kutakata. Alikuwa amemwahidi Afande kwamba akishindwa hatalia. Juu ya kushinda hakuwa ameahidi kitu. Alilia akiwa ameishika sufuria kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, na Nalongo alipotoka kuuliza kuna nini akaambiwa hakuna, ni moshi. Kisha akanikalisha juu ya ndoo akanifundisha, siku ileile, mikono yetu bado na mapovu: uchungu wa mhogo uko kwenye maji yake, jua linatoa sehemu, yale manyoya yanatoa sehemu, jua la pili linamaliza, na mtu mwenye haraka asipewe. "Ukikimbiza hii, inakuua," alisema. "Ukingoja, inakulisha, na hakuna mtu atakunyang'anya." Tulikaa Mpumudde mpaka baba akarudi, na mpaka mimi nikamaliza shule. Nalongo alikuwa wa kwanza kupiga hodi na bakuli.

Mihogo ya yule binti hapa Malukhu haikutupwa. Nilikaa mlangoni kwake na kiti changu mpaka majirani wakachoka. Juzi aliniletea ugali, wa rangi ya kichuguu, na kabla sijanawa akamega tonge mbele yangu akala kwanza, ameinamisha macho. Amezoea kushukiwa, maskini. Nilimwambia kwangu hana haja ya kuonja, kisha nikala, nikamega tena, nikala. Nilimwomba vijiti. Anasema kaka yake atavileta kwa basi.

Kipande cha ardhi ninacho, nyuma ya nyumba, ambako kila nilichopanda kiliondoka na miguu ya watu. Jembe ninalo, na hili ni langu. Jana nilianza kupita mlango kwa mlango, bombani, na kwa wale vijana wa boda boda walionicheka. Waacheni wacheke. Nilisema kama alivyosema mama, kwa sauti ile ya kanisani, na safari hii nililisema lote: iko kali, inaua, mtu asiseme hakuambiwa. Na kama mtu ana njaa, apige hodi. Nitampikia, na nitakula naye.